Kupanda bustani ya Mwanza: vuli au masika?

Mwanza hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Bustani zetu za kando ya ziwa huamka mara mbili kwa mwaka, na kila mara kwa namna yake.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo yenye shangwe: mikrismasi huwaka nyekundu, na hata mwenye haraka hupunguza mwendo. Kwa miche, faida yake ni muda. Mche wa Novemba hunywa vuli, kisha masika, ndipo ukutane na kiangazi cha Juni mizizi ikiwa imeshashika. Ila mtunzaji asiweke mbali mpira wa maji, maana kati ya misimu hiyo jua huchoma na udongo wa kichanga katikati ya mawe haukai na unyevu.

Masika, Machi hadi Mei, ukoka hushika upesi. Magugu pia, tena bila kubembelezwa. Shida iko ufukweni: mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza kingo, na mizizi iliyotuama majini huoza.

Mimi miti ningepanda Novemba, ukoka Machi. Kupogoa kusubiri kiangazi.