Forester yangu ya tabo: miezi 9 baada ya kuipandisha nguvu

Gari lenyewe ni Subaru Forester Cross Sports ya 2004, injini EJ205 ya cc 1,994, silinda 4 zilizolala mbili kila upande, tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), gia otomatiki. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 220. Niko nayo Dar es Salaam, naipenda sana, na nusura niiue kwa mikono yangu.

Kwanza nilikwenda kwa fundi wa karibu. Akaongeza presha ya tabo mpaka bari 1.2, akafunga na ile valvu inayopumulia nje, inayotoa mlio ukiachia mafuta. Kompyuta ya gari hakuigusa. Wiki ya kwanza nilifurahia mlio. Wiki ya pili gari likawa linatoa moshi mweusi kila gia ikibadilika, na kwenye mwinuko likawa zito kuliko siku nililolinunua.

Sababu yake nilikuja kuelezwa baadaye, na natamani kila mwenye Subaru ya tabo aijue. Injini hii hupima hewa mwanzoni kabisa, kwa sensa iliyo karibu na chujio. Hewa ikishapimwa, kompyuta inaandaa mafuta yake. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani ya mfumo, lakini ile ya mlio huitupa nje, kwa hiyo nozeli zinamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo tena. Ndio ule moshi. Uzito nao ulitoka kwingine. Injini ilipangiwa petroli ya Japani wanayoiita haioku, ambayo kwa kiwango chao haishuki okteni 96 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili presha bila kujilipua). Ukiongeza presha juu ya petroli hafifu, mchanganyiko unajilipua kabla ya wakati wake na injini inagonga. Sensa inasikia kugonga huko, kompyuta inachelewesha cheche ili kuokoa pistoni, na wewe unabaki na presha kubwa na nguvu ndogo. Ukizidi kukanyaga, kinachovunjika ni kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Fundi wa pili ndiye ninayempa sifa zangu. Nilipofika nikitaka programu mpya, alinijibu, "Kaka, sigusi kompyuta kabla sijapima kompresheni," yaani mgandamizo ndani ya silinda. Akapima silinda zote nne, hasa ya 4 ambayo kwenye injini hizi ndiyo hupata shida mapema. Zilikuwa sawa, nikashukuru Mungu. Akarudisha valvu ya kiwandani, akabadilisha mkanda wa taimingi kwa kuwa umri wake ulikuwa umefika, akaweka pampu ya mafuta ya Walbro ya lita 255 kwa saa, na plagi za NGK namba 7 badala ya 6, yaani zinazopoa haraka zaidi. Plagi za injini hii zinatazama pembeni, zimebanana na chasisi. Alitoa betri na boksi la chujio ndipo mkono ukaingia. Bomba la kutoka kwenye tabo nalo likawekwa pana zaidi.

Kisha ikaja programu, na hapa ndipo fedha yangu ilipofanya kazi. Alifunga kifaa cha kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, akaunganisha kompyuta yake ndogo, tukatoka alfajiri barabara ikiwa tupu. Tunakimbia mara moja, tunasimama, anasoma, anarekebisha cheche na mafuta, tunarudia. Safari 11 kwa asubuhi mbili. Presha aliishusha mpaka bari 1.0, na mafuta akayaweka karibu na uwiano wa hewa 11 kwa mafuta 1 ninapokanyaga mpaka mwisho. Nilijaribu kumshawishi aongeze kidogo, akakataa katakata. Namheshimu kwa hilo.

Kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, kwa fundi wa kwanza nilipima sekunde 5.9. Sasa ni 4.7, kwa presha ndogo kuliko ile. Mwezi uliopita nilipanda mlima wa Kitonga nikiwa na familia na mizigo, nyuma ya malori. Nafasi ilipopatikana gari liliitika palepale, bila kusita, na mshale wa joto haukusogea.

Kazi yote, vipuri ndani yake, ilinigharimu kama milioni 2.6. Nampa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu gari lilikaa gereji siku 16 wakati aliniahidi 6, na simu alikuwa hapokei.

Jambo moja bado linanisumbua: intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, ipo juu ya injini. Foleni ya Ubungo ikinishika nusu saa inachemka, na dakika chache za mwanzo baada ya foleni gari linakuwa zito mpaka upepo uingie vya kutosha kwenye tundu la boneti. Fundi anasema ya mbele itamaliza tatizo, ila itabidi programu ipigwe upya. Naweka akiba. Kwa sasa nabadilisha oili kila kilomita 5,000, na kabla sijazima gari baada ya safari ndefu naliacha lingurume dakika moja ili tabo ipoe.