Mswada uliochomwa: tumsome Buchi Emecheta

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kitabu nilichoshika hapa, ngoja nikisogeze mkione vizuri, kinaitwa Second-Class Citizen, yaani raia wa daraja la pili. Mwandishi ni Buchi Emecheta wa Nigeria, na kilitoka mwaka 1974. Ni chembamba, na Kiingereza chake hakikukimbizi kwenye kamusi kila ukurasa. Mimi nimekisoma mara tatu, na kuna jambo moja ndani yake ambalo naona wasomaji wengi wanalipita haraka mno.

Utasikia watu wakisema, "Ah, hayo ni maisha yake tu, kabadilisha majina." Ni kweli vinafanana. Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944, wazazi wake wakiwa Waigbo, moja ya makabila makubwa ya Nigeria, wa mji wa Ibusa. Baba akafariki yeye angali mdogo. Akaolewa na miaka 16, mwaka 1962 akamfuata mumewe London, na alipofika miaka 22 alikuwa anamwacha mume huyo, watoto wanne mkononi na mimba ya wa tano. Sasa fungua kitabu. Adah, binti wa Kiigbo wa Lagos, anafiwa na baba, anaolewa mapema, anamfuata mume London, watoto wanne, mimba ya tano. Haya, tumekubaliana. Lakini ukiishia hapo hujamtendea haki huyu mama hata kidogo, maana wanawake wangapi wameyapitia hayohayo na hakuna aliyeyaandika hivi?

Angalieni anavyoanza. Adah haijui tarehe yake ya kuzaliwa. Nyumba nzima ilikuwa inangoja mtoto wa kiume, akaja wa kike, basi hakuna aliyejisumbua kuiandika. Anakwambia hivyo tu, halii, anaendelea na hadithi. Kisha mtoto huyohuyo anatoroka nyumbani, anaenda kujiingiza shuleni kwenye darasa la mwalimu ambaye ni jirani yao. Mama yake anaburutwa polisi kwa kosa la kutomwangalia mtoto, na huko analazimishwa kunywa bakuli kubwa la gari, ule unga wa muhogo uliotiwa maji. Unacheka, halafu unamwonea huruma yule mama, na mwandishi anakuacha na vyote viwili kifuani. Baadaye Adah anapewa shilingi mbili akanunue nyama, anazificha ili alipie ada ya mtihani, na anachapwa mpaka basi. Angeweza kuandika "mimi". Aliandika "Adah", na kwa kujisogeza nyuma hivyo kidogo ameweza kumwonyesha mtoto yule ni mkaidi na mwongo wa hapa na pale, wala hakumfanya malaika.

Sasa tuje kwenye moto.

Adah yuko London. Anafanya kazi maktaba, ndiye anayeleta pesa nyumbani, mume anasoma na kufeli. Katikati ya nepi na chupa za maziwa anaandika riwaya kwenye madaftari manne. Mfanyakazi mwenzake anaisoma, anamwambia ni nzuri, aipigishe chapa. Anampelekea mumewe, Francis, kwa furaha ya mtu aliyetoka kujifungua. Francis haisomi. Siku moja Adah anarudi kutoka dukani, anasikia harufu ya karatasi zinazoungua. Mume amechoma zote, na anasema ukoo wake hauwezi kumkubali mke anayeandika vitabu. Kwa Adah, aliyechomwa pale ni mtoto wake.

Jambo hilo lilimpata Emecheta mwenyewe. Mumewe alichoma mswada wake wa kwanza, naye akaondoka na watoto. Akafanya kazi, akasomea sosholojia Chuo Kikuu cha London, akachapisha kitabu chake cha kwanza, In the Ditch, mwaka 1972. Na ile hadithi iliyoungua akaiandika tena kutoka kichwani, ikatoka mwaka 1976 kwa jina The Bride Price, yaani mahari.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Katika The Bride Price binti anayeitwa Aku-nna anaolewa na kijana anayempenda, wa ukoo wa watumwa, na mlezi wake anakataa kupokea mahari. Imani ya pale ni kwamba bibi harusi ambaye mahari yake haikulipwa hufa akijifungua mtoto wa kwanza. Aku-nna anakufa. Lakini Emecheta ameeleza katika tawasifu yake, Head Above Water, kwamba katika mswada wa kwanza, ule ulioungua, wapenzi hawa waliishi kwa raha zao. Yule aliyeandika mwisho wa furaha alikuwa mke kijana mwenye matumaini. Aliyeurudia alikuwa mama wa watoto watano, peke yake ugenini, mbali na ukoo wake, na alishajua kwamba mtu hawezi kuwapa watu wake kisogo bila kulipa. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa wa jinsi maisha yake yalivyoingia katika uandishi wake, kuliko kufanana kwa tarehe na matukio.

Je, Second-Class Citizen haina kasoro? Inazo. Francis hajapewa nafasi ya kuwa mtu kamili. Tunamwona anavyoumiza, hatuoni kilichomgeuza yule kijana wa Lagos. Na kurasa za mwisho zinakimbia, kama vile mwandishi alikuwa na haraka ya kumtoa Adah mle ndani. Ya pili naisamehe. Ya kwanza bado inanikera, kwa sababu mkono uliomwandika yule mama na bakuli la gari ungeliweza hilo.

Usiruke ukurasa wa mbele pia. Kitabu amewatunukia wanawe watano, akisema bila kelele zao tamu kisingeandikwa. Tumezoea kusikia watoto wanaiba muda wa mwandishi. Yeye anawashukuru kwa kelele.

Anza na hiki, kisha tafuta The Bride Price. Na ukifika pale Aku-nna anapokata roho, kumbuka kwamba binti huyo aliwahi kuishi na mumewe kwa furaha, kwenye karatasi zilizoishia motoni.