Uzoefu wangu: mashine ya kadi ya benki na pesa za BnB zinazokwama kwenye kadi pepe

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Nazungumzia mashine ya kadi ambayo benki moja hapa Mombasa inawapa wenye nyumba za BnB. Jina lake naliacha. Tangazo lao linasema utapokea kadi zote za dunia, na mtu akisoma hivyo anaona mambo yamekwisha. Ila sisi wenye vyumba Nyali, Bamburi na Shanzu, sehemu kubwa ya pesa zetu haiji na mgeni mlangoni. Mgeni hulipa mtandaoni hata SGR hajaipanda, kampuni ya mtandao wa kuwekea nafasi za vyumba inazishika, kisha wewe unatolewa kadi pepe: tarakimu 16, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu 3 za siri. Plastiki hakuna, chipu hakuna, PIN hakuna. Jina juu yake ni la kampuni, si la mgeni. Kuitoza ni kazi yako, siku itakapofunguliwa, na kwa kawaida hufunguliwa siku mgeni anapoingia au kesho yake. Kabla ya hapo usijisumbue, na mtunza nyumba umwonye mapema asimdai mgeni M-Pesa mara ya pili, maana kelele zake zitaishia kwenye maoni ya wageni na hazifutiki.

Sasa hiyo mashine. Ukiandika nambari kwa mkono, inakataa. Nikaenda tawini mjini na slipu mkononi. Dada wa kaunta hata uso hakuinua: "Mzee, leta kadi yenyewe tuione." Nikamweleza kwamba kadi hii haishikiki, ipo kwenye mtandao tu. "Basi hiyo ni ya matapeli, ama haina pesa." Alisema kwa sauti, foleni nzima ikageuka kunitazama. Salamu sikupewa, kiti sikuonyeshwa, na slipu hakuipokea.

Angeipokea angeona imeandikwa 58. Dadangu, 58 si kukosa pesa. Kukosa pesa ni 51. Hiyo 58 inasema mashine yenyewe haikupewa ruhusa ya muamala wa namna hiyo, na ruhusa hiyo inatolewa na nyinyi wenyewe, nyuma ya hiyo kaunta! Ruhusa ikikosekana upande wa kadi, inatoka 57. Kadi iliyopitwa na tarehe ni 54, nambari iliyokosewa ni 14, kadi iliyowekewa mipaka ni 62, na 05 ni benki iliyotoa kadi kukataa bila kutaja sababu. Mnauza mashine na slipu yake hamjui kuisoma?

Ruhusa inayotakiwa inaitwa MOTO, kifupi cha Kiingereza cha mail order/telephone order, yaani oda ya barua au simu. Itaje kwa herufi hizohizo, kwa maandishi, kwa meneja wa mashine za kadi na si kaunta. Ndiyo inayokubali nambari kuandikwa bila kadi kuwepo. Mashine nyingi huja nayo ikiwa imefungwa kwa hofu ya wizi, kwa kuwa mwenye kadi akipinga malipo ambayo kadi haikuwepo, hasara humwangukia mfanyabiashara. Hofu hiyo naielewa. Watakutaka leseni ya kaunti, PIN ya KRA na barua ya kueleza pesa zinatoka mtandao gani. Wape. Lakini hayo yalikuwa ya kuulizwa siku ya kusaini mkataba, si baada ya kukodisha mashine isiyotoza kitu.

Kuna tundu jingine ambalo hakuna atakayekutajia. Kila biashara husajiliwa kwa nambari ya aina yake, na kadi pepe nyingi zimefungiwa zikubali biashara za malazi na safari tu. Malazi ni 7011. Benki ikikuandika wakala wa nyumba za kupanga, yaani 6513, MOTO inaweza kuwa wazi na kadi bado ikakataa, nawe ukabaki unailaumu mashine bure. Omba uione hiyo nambari kwenye fomu kabla ya kutia sahihi.

Nilipozidi kupiga simu wakanitumia kiungo cha malipo eti nitoze kwa huko. Kiungo kinataka nambari ya siri iliyotumwa kwa simu ya mwenye kadi. Simu ya nani? Kadi pepe haina simu! Kiungo kisichozimwa hatua hiyo hakikufai.

Na hata mambo yakifunguka, usibonyeze ile sehemu ya kushikilia pesa kama hoteli zinavyofanya. Ukishikilia kisha ukajaribu kutoza upya, salio limefungwa na utapata 51 ya bure. Toza mara moja, kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye ukurasa wa malipo, na kwa sarafu ileile. Kadi ikiwa ya dola na mashine yako ni ya shilingi, viwango vya kubadilisha vitapishana, na ukizidisha hata kidogo inakataa yote. Mgeni akirudishiwa pesa, zirudishe kwenye kadi hiyohiyo kupitia mashine, usimtumie kwa simu. Jioni funga hesabu ya mashine, la sivyo pesa haziendi popote.

Haki isemwe, kadi pepe yenyewe ni nzuri. Mgeni aliyeweka nafasi isiyorudishiwa pesa asipotokea, pesa zako zipo, humbembelezi mtu aliyezima simu. Na MOTO ilipofunguliwa, pesa ziliingia kwenye akaunti siku za kazi zilizofuata bila maneno. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Kisha nikaangalia makato. Tuseme mgeni kalipa KSh 42,000, kamisheni ya mtandao ni asilimia 15, na benki inakata asilimia 3.5. Kadi ikija kamisheni imeshatolewa, unatoza 35,700, benki inakula 1,249.50. Ikija na pesa zote, unatoza 42,000, benki inakula 1,470, kisha mtandao unakuletea ankara ya 6,300. Yaani umelipia benki 220.50 zaidi kwa kubeba pesa za kamisheni ambazo si zako. Kwa wageni wa Desemba nzima, piga hesabu mwenyewe. Niliuliza kama asilimia hiyo inashuka, nikajibiwa "hiyo ni ya mfumo". Mfumo gani, na mkataba tumesaini watu wawili?

Basi ile moja ya mwanzo naipandisha, iwe mbili. Labda moja na nusu. Mtandao wako ukikupa chaguo la kulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, lichukue, ila uliza kwanza ada ya kupokea pesa kutoka nje: mara nyingi ni kiasi kimoja kwa kila malipo, kwa hiyo chagua kulipwa kwa mwezi badala ya kila wiki kama chumba chako ni kimoja.