Fundi wa waifai Luthuli: anapima kwanza, kuuza baadaye

Wenye saiba wenzangu, na yeyote mwenye kompyuta ya mezani inayotegemea waifai, kuna kibanda cha fundi ghorofa ya pili Luthuli Avenue, Nairobi, ambacho nakisifu bila kusita. Hakina bango. Panda ngazi zilizo kando ya duka la spika, ufuate ukumbi mpaka uone ruta kuukuu zimetundikwa ukutani kwa misumari. Hapo ndipo.

Luthuli ukisema tu "waifai inasumbua", hujamaliza kusema umeshashikishwa adapta mpya, kile kidude cha kushikia waifai, na ikikataa kwako unaambiwa mashine ndiyo mbovu. Huyu kijana hauzi kitu kabla hajajua ugonjwa uko wapi. Anatoza shilingi 300 za kupima, na ukinunua chochote anazitoa kwenye bei.

Saiba yangu iko Kahawa West. Mashine zote zimeungwa kwa kebo isipokuwa moja, iliyo upande wa pili wa ukuta ambao mwenye ploti hataki utobolewe. Hiyo ndiyo ya waifai: HP iliyotumika Uingereza, zile za ofisini, ambazo nyingi hutufikia bila kadi ya waifai ndani. Inatumia adapta ndogo ya USB iliyochomekwa nyuma ya sipiyu. Mteja anajaza ritani ya kodi ya KRA, anafika pa kutuma, mtandao unapotea. Mwezi wa Juni jambo hilo linaumiza, kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho, na mtu aliyechelewa anatozwa faini ambayo mimi siwezi kumlipia.

Nilimpigia simu kabla ya kubeba chochote. Swali lake la kwanza: "Mama, simu yako ukiiweka hapo kwa hiyo mashine, inashika?" Nikamwambia inashika vizuri. "Basi usisumbuke na watu wa intaneti. Niletee sipiyu, na kila kitu huwa umechomeka." Akasisitiza kila kitu, hata mausi. Mafundi wengine huomba sipiyu peke yake, na sasa naelewa kwa nini mashine hurudi kutoka kwao "imepona" kisha inaugua ikifika nyumbani.

Pale kibandani ilishika mara moja. Mwingine angesema imekubali, lete pesa. Yeye alifungua dirisha jeusi la amri akaandika netsh wlan show interfaces. Amri hiyo ya Windows huonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia na kasi ya kupokea na kutuma. Akawa anairudia huku akichomeka vitu vyangu kimoja kimoja. Kibodi, hakuna kilichobadilika. Printa, hakuna. Alipochomeka diski ya nje ninayowekea skani za wateja na kuanza kunakili faili, asilimia ilibaki palepale lakini kasi ikaporomoka, kisha mtandao ukakatika. Na mausi isiyo na waya ikaanza kukwama. Akaniuliza kama hata kule kwangu mausi hukwama. Hukwama, na ni wakati uleule mtandao unapopotea.

Alinieleza polepole. Vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, na humohumo ndimo waifai ya kawaida na mausi za aina yangu zinamoongea. Kampuni ya Intel yenyewe iliandika kuhusu jambo hili mwaka 2012. Adapta yangu ilikuwa imebanana na tundu la diski. Ni kama kuitwa jina katikati ya soko la Muthurwa: sauti ya anayekuita haijapungua, ila zogo limeizidi. Ndiyo maana kutazama vile vijistari vya waifai peke yake hakukuonyesha lolote, vilikuwa vimejaa muda wote.

Dawa ilikuwa kebo ya kurefusha USB, shilingi 250, ya kuitoa adapta nyuma ya sipiyu na kuileta juu ya meza. Adapta mpya zilikuwa mezani pake na ningenunua, maana nilikuwa nimekuja na pesa. Hakuniuzia. Alisema nikajaribu na hiyo kwanza.

Alirekebisha pia mpangilio wa umeme. Windows inaweza kuwa imeruhusiwa kuizima adapta ili kuokoa umeme. Akaondoa hiyo ruhusa. Akanionyesha na anwani ya mtandao: ikianza na 169.254, ujue mashine imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupewa na ruta. Hilo limenisaidia sana, kwa sababu sasa nikiona 169.254 najua cha kuuliza.

Kukatika kuliisha. Kilichobaki ni mtandao kuwa mzito jioni. Ploti yetu ina ruta karibu kila nyumba, na katika 2.4 GHz chaneli, yaani njia ambazo ruta hugawana, zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Alinielekeza kwa simu jinsi ya kuhamisha chaneli, bila malipo, lakini zote zilikuwa zimejaa. Hapo ndipo nilipomrudia kununua TP-Link Archer T2U Plus, yenye antena ndefu na inayoshika 2.4 na pia masafa mengine, ya 5 GHz. Kwa maandishi ya kiwandani hufika Mbps 433 kwenye 5 GHz, nyingi kuliko kifurushi changu. Mawimbi ya 5 GHz huchoka haraka yakipita kuta, lakini kwangu ukuta ni mmoja na yanapita. Nililipa 2,300. Draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia adapta, aliiweka yeye mwenyewe nikiwa pale, na ni vizuri kusisitiza hilo, kwani mashine isiyo na mtandao haiwezi kujitafutia draiva mtandaoni.

Yasiyonipendeza yapo. Waranti ya wiki moja kwa adapta ni fupi mno, na nilimwambia hivyo. Risiti haitoi mpaka uidai. Kwa kuwa anahudumia mtu mmoja kwa wakati, Jumamosi utasimama sana, na viti hakuna. Mzee aliyebeba sipiyu na monita alisimama ukumbini muda ambao haukustahili. Ruta iliyofungwa na kampuni ya intaneti haigusi, anakurudisha kwa wenyewe.

Nenda asubuhi katikati ya wiki. Beba kebo ya umeme, adapta yako na kila unachochomeka kwenye hiyo mashine. Monita iache nyumbani, anazo zake.