Uzoefu wangu na Subaru Legacy wagoni iliyotumika: raha ya gari iko chini, siyo kwenye turbo

Wadau, hii Legacy nimekaa nayo muda wa kutosha sasa, naweza kuisema mazuri yake na mabaya yake, na kwa kuwa watu wengi wanatafuta gari ya bei poa inayobeba familia na mizigo halafu isiwe ya kukusinzisha ukishika usukani, acha niandike kwa urefu kidogo. Yangu ni wagoni ya kizazi cha nne, ile watu wa Subaru wanaiita BP5, injini EJ20 isiyo na turbo, 2.0R, gia za manyuo (za kubadilisha mwenyewe kwa klachi). Kizazi hiki kilitoka 2003 na kikabeba tuzo ya Gari Bora la Mwaka kule Japani msimu wa 2003-2004, kwa hiyo ni gari yenye umri wake, na ndo maana bei imeshuka mpaka mtu wa kawaida anaifikia.

Mahitaji yangu yalikuwa haya: buti la maana, siti za nyuma zilale, spea zipatikane, fundi wa kawaida aiweze, na ikifika kwenye kona nisikie raha. Hilo la mwisho ndo wengi wanalifuta mapema wakiona bajeti ni ndogo, wanasema gari ya bei chee ni ya kukufikisha tu. Mimi sikubaliani kabisa. Nimeendesha gari zenye nguvu nyingi ambazo hazina ladha yoyote, na nimeendesha gari dhaifu kwa injini ambazo hutaki kushuka. Tofauti iko chini ya gari, kwenye shokapu, bushi, matairi, uzito umekaa wapi, na usukani unakuambia nini mkononi.

Nilianza kwa kujaribu Toyota Fielder maana kila unayemuuliza atakuambia chukua Toyota ulale usingizi. Na ni kweli tupu, ile injini ya 1NZ-FE ya 1.5 ina cheni, mafuta inakunywa kidogo, spea zimejaa, mizigo inabeba bila kulalamika. Mtu anayetaka kazi ifanyike tu aichukue na asiangalie nyuma. Ila ile niliyojaribu, ya kizazi cha 2006 kwenda mbele, nyuma ina torsion bimu, yaani matairi mawili ya nyuma yameungwa na kipande kimoja, tairi hili likigonga shimo na la upande wa pili linapata habari, na usukani wa umeme mwepesi kiasi kwamba hujui tairi za mbele zinafanya nini. Niliirudisha nikiwa naiheshimu lakini sikuitamani.

Mazda Atenza, ambayo masoko mengine wanaiita Mazda6, hiyo ilinigusa moyo. Ile ya kwanza ya 2002 mbele ina wishibone mbili, yaani kila tairi limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, inaingia kona vizuri mno, injini zake za petroli ni za cheni, na ndani ya buti kuna kishikio ukivuta siti ya nyuma inalala yenyewe huna haja ya kuzunguka mlangoni, kitu kidogo lakini ukiwa umebeba mzigo mkono mmoja unakishukuru. Tatizo ni kutu. Kagua matao ya tairi za nyuma, chungulia kwa ndani, bonyeza kwa kidole, maana bodi ikishaanza kuliwa hapo hata rangi mpya inaficha tu. Zile nilizokagua hazikunipa amani.

Halafu kuna Ford Focus ya stesheni, ile ya kwanza iliyotoka 1998, wengi wanaidharau kwa sababu ni gari ya kila mtu. Hiyo nyuma ina sasipensheni huru ya linki nyingi, yaani kila tairi linajitegemea, wakati wenzake wengi wa daraja lake walikuwa wanaweka bimu, na aliyesimamia uendeshaji wake ni injinia Richard Parry-Jones, mzee aliyesifika kwa jaribio lake la mita 50, kwamba ndani ya mita 50 za mwanzo, tena kwa mwendo mdogo, unaweza kujua kama gari imetengenezwa vizuri: usukani unavyoanza kugeuka, breki inavyoshika, gia inavyoingia, shokapu zinavyopokea tuta. Mimi hilo jaribio nalitumia kwa kila gari na nawashauri mlitumie, kwa sababu wauzaji wengi watakutaka ukanyage mafuta usikie injini, wakati ukweli wote wa gari iliyotumika unausikia ukiwa kilomita 20 kwa saa na redio imezimwa.

Sasa Legacy. Injini ya boksa silinda zake zimelala ubavu, mbili kushoto mbili kulia, kwa hiyo injini nzima imekaa chini na uzito wa mbele uko karibu na lami. Boneti ni ya aluminiamu, na mlango wa buti wa wagoni vilevile, ndo maana gari nzima inakuwa kama kilo 1,400 tu pamoja na kwamba inavuta matairi yote manne. Nyuma ina linki nyingi. Usukani ni wa haidroliki, una uzito wa kutosha mkononi. Ukiingia kona hailali upande kama hizi gari ndefu za juu, inakaa tu, halafu katikati ya kona ukiongeza mafuta unasikia tairi za nyuma nazo zinasukuma. Nguvu zenyewe siyo za kutisha, 2.0R ya soko la Ulaya ina farasi 165, na chini ya mizunguko 3,000 iko pole kweli, ila ukiiacha ipande inaamka na inapenda kukimbia mpaka juu. Unabadilisha gia, unaipangia, unaifanyia kazi, na hiyo kazi ndo raha yenyewe. Ya otomatiki isiyo na turbo ina gia nne tu, nimeiendesha ya jamaa yangu, ni gari ileile lakini inafikiria sana kabla ya kushusha gia, kwa hiyo kama mguu wako wa klachi bado mzima tafuta manyuo.

Kuhusu turbo, najua wengi jina Subaru likitajwa ndo wanawaza hicho, na historia inawabeba, Legacy RS ndo iliyompa dereva wa rali Colin McRae ushindi kwenye Rali ya New Zealand 1993, ushindi wa kwanza wa Subaru kwenye ubingwa wa dunia wa rali. Lakini mtu mwenye bajeti ndogo nakuomba kaa mbali na GT, yaani Legacy ya turbo, iliyotumika isipokuwa unamjua aliyeimiliki. Inataka mafuta ya oktani ya juu, oili ibadilishwe mapema, joto ni jingi chini ya boneti, na nyingi zimeshapita kwa vijana walioongeza presha ya turbo halafu wakarudisha vitu vya kiwandani siku ya kuuza. Hela utakayoiweka kwenye turbo moja mbovu inakununulia shokapu nne mpya, bushi zote na matairi mazuri, na gari isiyo na turbo yenye hivyo vitu itakupa raha kila siku, hata ukienda dukani.

Na hili mimi nimelithibitisha kwa hii yangu. Ilivyokuja ilikuwa inakwenda vizuri tu, ila kwenye barabara ya mawimbi mawimbi ilikuwa inaendelea kuyumba baada ya tuta kupita, na ukifunga breki pua inainama. Bodi safi, injini kavu, maileji yanaendana na hali ya siti na pedeli, kwa hiyo nilijua ni uchovu wa chini. Nikamwambia fundi aanze na shokapu zote nne, bushi za kontrol arm za mbele, linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande), halafu wilelaimenti, yaani kunyoosha matairi. Ile siku naitoa gereji sikuamini kama ni gari ileile. Usukani ulikuwa unarudi katikati wenyewe, kona ambayo nilikuwa naipunguzia mwendo kwa wasiwasi sasa naipita nimetulia, na makelele ya gongogongo nyuma yakaisha. Bushi zikivunjwa nje unaziona mpira umepasuka umebaki umeshikwa na chuma tu, ukisukuma kwa kidole pini inacheza. Gari nyingi za umri huu zinaendeshwa hivyo na wenyewe wanadhani ndivyo zilivyo.

Ukienda kukagua moja, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto jiulize kwa nini. Fungua kopo la kulanti (maji ya kupoza injini) injini ikiwa baridi, kulanti isiwe na mafuta mafuta wala matope, halafu ukiwasha ikae mpaka ipate joto uangalie kama mapovu yanapanda mfululizo kwenye kopo, hiyo ni dalili ya kuungua kwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Jina baya la gasketi limetokana zaidi na zile injini za 2.5, EJ20 isiyo na turbo ina afadhali kubwa, lakini usiache kuangalia. Swali la pili ni mkanda wa taiming. Hizi EJ hazina cheni, mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika njiani valvu zinagongana na pistoni, hapo injini imekwisha. Kama hakuna karatasi inayoonyesha umebadilishwa, uhesabu kama haujabadilishwa na ukate kwenye bei, na ukiubadilisha badilisha pamoja na rola zake, tenshena na pampu ya maji kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni matairi. Gari inayovuta kote kote inataka matairi manne ya saizi moja na uchakavu unaofanana, ukiweka mawili mapya na mawili yaliyokwisha, mzingo unatofautiana na ule mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi muda wote mpaka unaungua. Ukikuta gari ina matairi ya majina manne tofauti, ipeleke sehemu ya wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole sana. Ikiwa inajibana, inajikaza kama mtu ameshika breki kidogo, achana nayo. Halafu chungulia ile mipira inayofunika CV joint (viungo vya ekseli zinazozungusha tairi) za mbele kwa upande wa ndani, iko karibu na ekzosi inakaushwa na joto, ikipasuka girisi inarukia ekzosi na unasikia harufu ya kuungua ukisimama. Kupata mpira mpya siyo kazi, ila harufu ile ikikuta hujui unaweza kudhani gari inawaka.

Upande wa mizigo sina deni nayo. Buti ni refu, pana, na kizingiti kiko chini, kwa hiyo kitu kizito hukinyanyui mpaka kifuani kama kwenye zile gari za juu, unakiegemeza ukingoni halafu unasukuma. Nimebeba mashine ya kufulia imelala, nimebeba mbao ndefu zikapita katikati mpaka karibu na gia, na baiskeli ya mtu mzima inaingia ukishatoa tairi la mbele tu. Ikiwa imejaa nyuma inashuka kidogo lakini haiyumbi, na hapo ndo naipenda zaidi, kwa sababu uzito uko chini hata mzigo nao uko chini. Kwa kweli sielewi kwa nini watu wanaona aibu na wagoni. Volvo waliingiza 850 ya wagoni kabisa kwenye mashindano ya magari ya Uingereza mwaka 1994, ikikimbia na sedani, na bado mtu anakuambia hiyo umbo la kubebea maiti.

Mabaya yake yapo. Mafuta siyo rafiki, mimi barabara kuu napata kama kilomita 11 kwa lita nikiwa mstaarabu, mjini kwenye foleni inashuka mpaka 8, Fielder inaicheka hapo. Vioo vya milango havina fremu, vinapendeza sana ukifungua mlango, ila mpira ukizeeka upepo unapiga filimbi kuanzia mwendo wa 100 hivi. Plagi ziko ubavuni zimebanwa na fremu, fundi asiyezijua atatumia muda mrefu na maneno makali. Na oili pima mwenyewe mara kwa mara, injini ikishakuwa na maileji inaweza kuinywa kidogo kidogo bila kudondosha hata tone chini.

Anayetaka kitu laini zaidi iko 3.0R ya silinda sita, injini EZ30, hiyo ina cheni kwa hiyo habari ya mkanda inaisha, na sauti yake ni tamu sana ikipanda. Mafuta inakunywa zaidi ya hii yangu na pua ni nzito kidogo kwenye kona, lakini kwa safari ndefu na mzigo umejaa naielewa kabisa. Ukiipata, rejeta na feni zake vikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote, na shokapu za nyuma zitazame vizuri.