Kuifuata Bendi Jukwaani au Kuitazama Ukiwa Dodoma
Mwaka 2023, Sauti Sol, kundi la muziki la Kenya, walipotangaza kwamba wangepumzika kufanya kazi kama bendi, wakawaaga mashabiki Marekani na Ulaya kabla ya kumalizia Nairobi mwezi Novemba, hapa Dodoma huzuni ilichanganyika na ubishi unaorudi kila ziara kubwa inapotangazwa: kusafiri au kutazama kwenye simu?

Kwa gharama, simu haina mpinzani, kwani kifurushi cha intaneti hakifikii hata nauli ya basi la kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, mpakani na Kenya, achilia mbali kiingilio na malazi. Kwa uhakika, aliyepo uwanjani hakatikiwi wimbo katikati ya ubeti.

Lakini kiini ni sauti. Bendi hii ilijengwa juu ya sauti zinazopandana, na spika ndogo ya simu humeza besi yote, ilhali uwanjani besi hutetemesha kifua na umati hupokea kiitikio kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Mwenye likizo na akiba namshauri asafiri. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayehesabu fedha za kujikimu achangie kifurushi na wenzake, kisha waunganishe simu kwenye spika kubwa.