Chupa ya chuchu laini ya Kariakoo, mwanangu kaikubali

Wamama mnaokaribia kurudi kazini na mtoto anajua titi tu, nendeni Kariakoo mtaa wa Kongo kwenye maduka ya vitu vya watoto. Dada aliyenihudumia hakukimbilia kuniuzia ya bei ghali, aliuliza kwanza mtoto ana umri gani, akanipa chupa yenye chuchu ya silikoni laini, pana kwenye kitako, tundu dogo, ukiipindua maziwa yanadondoka tone tone hayamiminiki. Hapo ndo penyewe, tundu likiwa kubwa mtoto anapaliwa halafu anaichukia kabisa.

Nikimpa mimi alikuwa anagoma maana ananusa maziwa yapo hapo hapo kifuani, ila bibi yake akampakata wima kidogo, chupa kailaza, kabla njaa haijamkaba, na anampumzisha katikati, akavuta mwenyewe jamani nilitoa machozi. Vipimo vya ml pembeni vimeanza kufutika, hilo sijalipenda.

Siku 84 za likizo zinakimbia, anzeni mapema. Na kwa joto hili la Dar ukishakamua weka friji moja kwa moja, humo yanakaa mpaka siku 4.